Chungu Kilichomchora Tandala

Sogeeni karibu, ila msizibe njia ya upepo. Chungu ndiyo kwanza kimeanza kuchemka, na maji ya chumvi hayapendi kuharakishwa. Yatakapokauka, hadithi nayo itakuwa imefika mwisho, kwa maana hapa Itundwe hii ni hadithi ya kungojea chungu.

Mmewaona tandala wakishuka mlimani asubuhi. Ngozi yao ni ya rangi ya udongo mkavu, na ubavuni wana mistari myembamba myeupe inayoteremka kutoka mgongoni kwenda tumboni, mmoja mrefu, mwingine mfupi, kama maji yaliyochuruzika yakakauka. Basi ni maji kweli, na yalichuruzika kweli. Lakini kuna wakati tandala hakuwa na mstari hata mmoja. Alikuwa wa rangi moja tangu pua mpaka mkia, na ukimwona kwa mbali ungedhani ni kichuguu kinachotembea.

Wakati huo bonde hili halikuwa na mwenyewe. Kila kiangazi chumvi ilipanda kutoka chini ikatanda juu ya ardhi kama unga uliomwagika, na wanyama wakashuka kulamba. Walilamba wakaenda zao. Hakuna aliyelala hapa, kwa kuwa chumvi haimshibishi mtu wala mnyama. Ukishailamba unarudi kwenye chakula chako. Tandala walikuja zaidi kuliko wote, hasa majike wenye mimba na wale wanaonyonyesha. Madume walikuja pia, maana pembe ndefu kama zile hazioti kwa majani peke yake.

Kisha watu wakaja na vyungu. Walijifunza kukwangua ule udongo mweupe, wakautia katika chungu chenye matundu kwenye kitako, wakatandika nyasi chini ili udongo usipite, wakamimina maji juu. Maji yakadondoka tone tone katika chungu cha pili, yamebeba chumvi yote, na hayo ndiyo yaliyopikwa mpaka yakauke. Kazi ilikuwa nzuri, na watu wa mbali wakaitafuta chumvi ya Itundwe. Lakini kwato ziliharibu udongo, na mkojo wa wanyama uliuchafua. Basi watu wakakata miiba wakazungushia bonde lote ua. Hakuna aliyeuliza tandala watalamba wapi.

Miaka kadhaa ikapita. Ndipo akaja Nyanzala.

Nyanzala aliolewa na Ndaki, mwana wa Mzee Lutonja, mkuu wa wawindaji. Alikuwa msichana wa maneno machache hata kwao, na ukweni yakapungua zaidi, kwa sababu desturi ilimkataza kumtazama baba mkwe usoni au kumsemesha. Likiwapo jambo la lazima, mke wa mwana alikiambia kitu kilicho karibu, nguzo au kinu, na baba mkwe akasikia kana kwamba amesikia kwa bahati. Nyanzala hakuwahi kuitumia ruhusa hiyo. Mzee Lutonja alipopita yeye aliinama tu, na mzee akazoea kuona utosi wake.

Kiangazi kilipoanza Ndaki alisafiri na wabeba chumvi kwenda nchi za magharibi. Alimwacha mkewe, mwenye mimba changa, kwa mama yake Ndaki, Bibi Holo, ambaye ndiye aliyesimamia vyungu vyote vya ukoo. Nyanzala alipewa kazi ya kutoa machujo, yaani ule udongo uliokwisha kuchujwa, na kwenda kuumwaga nje ya ua.

Mimba ile ilimletea hamu ya udongo. Kwanza alinusa tu. Kisha akaanza kuokota kipande cha machujo na kukiweka chini ya ulimi akidhani haonekani. Wifi yake Milembe alimwona siku ya tatu.

"Mama, njoo umwone mkamwana wako! Anakula ukuta!"

"Si ukuta, wifi," alisema Nyanzala kwa aibu. "Ni kidogo tu."

"Kidogo leo. Kesho tutalala nje, nyumba umeimaliza."

Bibi Holo alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwache, Milembe. Mimi nilipokuwa na mimba yako nilikula kichuguu kizima, ndiyo maana una kichwa kigumu. Si yeye anayetaka. Anayetaka yumo ndani."

Maneno hayo Nyanzala aliyabeba pamoja na kikapu chake. Siku hiyo hiyo, jua likiwa limesimama, alipofika nje ya ua kumwaga machujo alimkuta tandala jike amesimama kwenye miiba. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Mbavu zake zilihesabika, lakini tumbo lilikuwa kubwa, na alikuwa akilamba mti wa ua mahali ambapo mikono ya watu ilikuwa imeacha jasho. Alilamba kwa bidii, huku mwiba ukimchoma pua mpaka damu ikamtoka.

Nyanzala alisimama asipumue. Alitazama lile tumbo, akatazama na lake.

"Na wewe pia?" alisema polepole.

Aliyamwaga machujo, akarudi nyuma hatua kumi. Tandala yule alinusa, akaja, akalamba. Hakuinua kichwa mpaka ardhi ikabaki na alama za ulimi.

Tangu hapo Nyanzala hakumwaga tena machujo ovyo. Aliyapeleka kila siku kwenye kichuguu kilichokuwa mwendo mfupi kutoka kwenye ua, akayachanganya na majivu ya mekoni, akayaacha. Hayo yalikuwa takataka, hakuna aliyeyahitaji. Sikio Lililochanika, kama alivyomwita yule jike, alikuja, akaleta na wenzake. Walilamba wakarudi mlimani kula majani yao. Baada ya majuma machache alikuja na ndama, mwekundu, miguu imenyooka kama vijiti vya ngoma. Nyanzala alimtazama kwa furaha, kwani ndama wengine aliowaona kando ya mto waliozaliwa mwaka uliotangulia walikuwa na magoti yaliyopinda, na hawakuweza kukimbia.

Laiti angeishia hapo.

Kiangazi kilizidi kuwa kikali. Majani ya mlimani yalikauka, tandala wakaja wakiwa na matumbo yaliyobonyea, na Nyanzala akawahurumia. Jina lake lenyewe ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Mama yake alimsimulia mara nyingi jinsi alivyonyonya ziwa lisilo na kitu. Akajiambia, ikiwa machujo yamewafaa hivi, chakula je? Akaanza kuwapelekea pumba za mtama katika ungo wake. Pumba zikawa hazitoshi, akachanganya na mtama wenyewe, akiupunguza katika sehemu aliyopewa kwa ajili ya uji wake.

Tandala walikula. Kesho yake waliokuja walikuwa wengi zaidi. Kesho kutwa hawakurudi mlimani. Walilala karibu na kichuguu wakingoja ungo. Kwa nini mtu apande mlima kutafuta majani makavu wakati chakula kinakuja chenyewe? Walitafuna maganda ya miti yote ya karibu. Waliposikia mtwangio wa asubuhi waliinua masikio na kusogea. Watoto wakaanza kuwarushia mawe, na tandala hawakukimbia mbali. Nyanzala aliyaona hayo yote, akajiambia mvua ikinyesha wataondoka.

Asubuhi moja alimkuta ndama mwekundu amelala ubavu karibu na kichuguu. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma, limekaza, na pumba zilikuwa bado zimemganda mdomoni. Alitupa miguu mara mbili tatu, ile miguu iliyonyooka, akafa. Tumbo la ndama wa mlimani linajua majani. Mtama wa watu lilikuwa halijaufahamu.

Sikio Lililochanika alisimama juu ya mwanawe mpaka adhuhuri. Kisha akaja kwenye ua, akasimama mahali pake pa siku zote, akimtazama Nyanzala. Alikuwa anangoja ungo.

Hilo ndilo lililomvunja Nyanzala moyo. Aliingia ndani akakaa kwenye kigoda, mikono imeshika tumbo. Siku hiyo hakupeleka kitu.

Wala kesho yake hakupeleka. Lakini aliyezoeshwa kulishwa hakumbuki tena njia ya kujitafutia. Siku ya tatu alfajiri kundi zima lilipita katikati ya nyumba, likaangusha vihenge viwili vya Mzee Lutonja na kimoja cha jirani. Vilikuwa vihenge vya mbegu. Watu walipoamka, mtama wa kupanda mwaka ule ulikuwa umekanyagwa na kuliwa, na tandala wamesimama uwanjani, hawana habari.

Mzee Lutonja aliwaita wawindaji. Walikuja na mikuki, wakakaa uwanjani, na wanawake wakasimama pembeni.

"Tangu lini tandala akaingia kwa watu?" aliuliza Mzee Lutonja. "Mnyama huyu akisikia kikohozi yuko kilima cha pili. Kuna mtu aliyemfundisha."

"Amefundishwa vizuri," alisema mwindaji mmoja. "Mimi wangu alinichungulia mlangoni kama mgeni. Kidogo nimkaribishe kigoda."

Watu wachache walicheka, lakini Mzee Lutonja hakucheka. Alikuwa ameshika ungo uliookotwa kwenye kichuguu. Bibi Holo alipouona alifumba macho. Aliusuka mwenyewe, akampa mkamwana wake siku ya kumpokea, na ukingo wake ulikuwa na uzi mweusi.

"Ungo huu ni wa nani?"

Bibi Holo akasema, "Ni wa nyumba yangu, mume wangu. Ni wa mke wa Ndaki."

Mzee Lutonja aliuweka ungo chini taratibu. "Leo tutawaua wote hawa, wamekwisha kuwa wezi, na ng'ombe mwizi hafugwi, sembuse wa porini. Na huyo mwali atarudishwa kwao. Mtu anayelisha wanyama mbegu za watu, mwaka ujao atatulisha nini sisi?"

Nyanzala alikuwa nyuma ya wanawake. Akilini alijiona yuko njiani, mzigo kichwani na mimba mbele, akifika kwao kama mke aliyerudishwa, na mtoto akizaliwa mahali ambapo hakuna atakayemwita kwa jina la babu yake. Aliona pia Sikio Lililochanika amesimama katikati ya uwanja, mkuki umeelekezwa, naye anangoja pumba.

Aliondoka. Milembe alidhani amekwenda kulia. Lakini alikwenda mekoni, akachukua chungu kikubwa cha kuchujia, kile cha matundu. Akatandika nyasi, akakijaza udongo mweupe uliokuwa fungu lake la mwezi ule, udongo mpya ambao haujachujwa, akamimina maji juu mpaka ukingoni. Alijitwisha. Maji yakaanza kudondoka kabla hajafika mlangoni.

Alipotokea uwanjani, maji ya chumvi yakimchuruzika mashavuni na mabegani, watu walimpisha. Alipita mbele ya wawindaji akasimama, macho chini, akanyoosha mkono kugusa ubavu wa chungu alichokuwa amekibeba.

"Chungu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba walio nyuma waliuliza amesema nini. "Chungu, mwambie baba kwamba kosa ni langu. Hawa hawakuja kutafuta mtama. Walikuja kutafuta kile tulichokizungushia miiba. Mimi sikuelewa, nikawapa kisichokuwa chao. Mwambie baba nitawarudisha mlimani mwenyewe. Aniachie mpaka adhuhuri, jua likisimama."

"Leo tunazungumza na vyombo!" alinong'ona yule mwindaji wa kigoda.

Mzee Lutonja alimtazama mkwewe. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Naye akakigeukia chungu, kwa kuwa desturi ni desturi.

"Chungu, mwambie mwali wa nyumba hii nimesikia. Jua likisimama, nikimwona tandala hata mmoja upande huu wa mto, mikuki itafanya kazi yake na yeye atakwenda kwao. Mwambie pia kwamba wewe ni mzito, na yeye ana mimba."

"Chungu," alisema Nyanzala, "mwambie baba ninajua."

Akaanza kutembea. Tone liliangukia huku, lingine kule, na njia nyuma yake ikawa na madoa. Sikio Lililochanika alinusa doa la kwanza. Alilamba, akasogea kwenye la pili. Wenzake wakafuata, majike na madume, vichwa chini, wakilamba njia kama mtu anayesoma. Walitoka uwanjani, wakapita ua, wakapita kile kichuguu cha pumba, na hakuna aliyesimama.

Njia ya mlimani si ndefu kwa mtu mwenye mikono mitupu. Nyanzala alivuka mto maji yakiwa magotini, akaanza kupanda. Shingo ilimuuma, mtoto tumboni akawa anapiga teke kila hatua. Alipofika katikati ya mwinuko magoti yalikataa. Alitazama juu akaona jua limebakiza kidogo, na walio nyuma ya kundi walikuwa bado hawajavuka mto, mahali pa kuonekana kutoka kijijini. Akijitua chungu chini, peke yake hataweza kukiinua tena.

Wakati huo alihisi pumzi ya moto kiwikoni. Sikio Lililochanika alikuwa amesimama ubavuni pake, mgongo wake ukilingana na kifua cha Nyanzala, na hakusogea. Nyanzala alikishusha chungu kutoka kichwani, akakiweka juu ya mgongo ule, akakishika kwa mikono miwili. Tandala alitikisika kidogo, kisha akapiga hatua.

Ndivyo walivyopanda, mmoja amebeba, mmoja ameshika. Maji yalipita katika matundu yakachuruzika huku na huku, yakateremka mbavuni kwa mistari myembamba, na jua lile kali likayakausha yanapopita. Kila tone lililokauka liliacha weupe. Chungu kilipoyumba kwa mbele, Nyanzala alikizuia kwa mkono uliolowa. Na tandala alipogeuza kichwa kumtazama, alimpangusa inzi katikati ya macho kwa vidole vile vile. Alama ikabaki pale, jicho hadi jicho.

Walipofika juu, penye miti yenye majani ambayo hakuna aliyeyala kiangazi kizima, Nyanzala alikiteremsha chungu juu ya kichuguu cha huko na kukiacha. Tandala walikizunguka. Akakaa kwenye jiwe, akasubiri pumzi imrudie. Aliposimama kuondoka Sikio Lililochanika aliinua kichwa, akamtazama, kisha akageuka na kuanza kula majani.

Mzee Lutonja alikuwa amesimama kando ya mto, mkuki wake umechomekwa ardhini, na kivuli cha mkuki, kilichokwisha jua liliposimama, kilikuwa kimeanza kurudi upande wa pili. Upande huu wa mto hapakuwa na tandala hata mmoja. Nyanzala alivuka, akainama kama kawaida yake, mikono mitupu. Hakukuwa na chungu cha kuzungumza nacho.

Mzee alikohoa. Alitafuta kitu cha kukiambia, akakosa, akauambia mkuki.

"Mkuki, mwambie mke wa mwanangu kwamba chungu kimoja hakitoshi mwaka mzima. Kila mwezi wa kupika, kimoja kipelekwe. Na wanaume ndio watakaobeba mpaka ajifungue."

Mbegu waliazima kwa ndugu zao wa ng'ambo. Mvua ya kwanza iliponyesha Nyanzala alijifungua mtoto wa kike, na babu yake ndiye aliyempa jina. Ndaki aliporudi safarini alimkuta mkewe bado ni mtu wa maneno machache, ila alipozungumza mbele ya vyungu, watu walinyamaza wakasikiliza. Na mwaka uliofuata Sikio Lililochanika alionekana ng'ambo ya mto na ndama mwingine, mwenye mistari kama ya mama yake. Watu walingoja mvua imwoshe ndama yule mistari. Mvua ilikuja ikapita, mistari ikabaki, maana alizaliwa nayo.

Na tangu siku hiyo tandala wote huzaliwa na maji ya chumvi ubavuni, na alama ya vidole kati ya macho. Tangu siku hiyo mwenye mimba hachekwi hapa Itundwe akionekana na udongo mdomoni. Chungu cha kuchujia kikichakaa hatukivunji. Tunakijaza udongo mweupe tukakipeleka mlimani, tukakiacha juu ya kichuguu, na anayekipeleka hutanguliwa na mwali aliyeolewa karibuni kuliko wote. Lakini kabla mwali huyo hajatoka uani, mama mkwe humkagua mikono na upande wa khanga, kuona kama hakuficha punje ya mtama. Tunawapa walichonyang'anywa. Chakula chao wanakijua wenyewe.

Haya, tazameni chungu, kimekauka. Kwangueni taratibu, na ile ya chini kabisa iacheni. Hiyo ina mwenyewe kule mlimani.